Pengo la Fuvu na Safari ya Pili ya Mgonjwa

Katika kata ya Mgori, upande wa mashariki wa mji wa Singida, njia mbili za kuumia kichwa zinafahamika kwa kila familia. Ya kwanza ni barabara. Bodaboda imefupisha mwendo wa kwenda mnadani, shambani na zahanati, lakini abiria na dereva wengi husafiri bila kofia ngumu. Ya pili ni mti. Msitu wa Mgori ni msitu wa nyuki. Mizinga hutundikwa juu ya matawi, na mrinaji anayeteleza huanguka kutoka kimo ambacho fuvu haliwezi kukihimili.

Wapo waliofikishwa hospitali kubwa wakiwa hawajitambui, wakafunguliwa fuvu kwa dharura, na wakarejea kijijini wakiwa hai. Baadhi yao hurejea wakiwa na upande mmoja wa kichwa uliobonyea, usio na mfupa chini ya ngozi. Kidonda kimepona, nywele zimeota, na jamaa hushukuru kwamba kazi imekwisha. Kwa hakika kazi hiyo imefika nusu tu. Upasuaji wa kwanza uliokoa maisha. Upo wa pili, wa kuziba pengo la fuvu, na huo ndio ambao wagonjwa wengi wa mbali huukosa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba unahitajika.

Kwa nini mfupa huondolewa

Fuvu la mtu mzima ni sanduku lililofungwa. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kimojawapo kikiongezeka, vingine hubanwa, kwa kuwa mfupa hautanuki. Baada ya pigo kubwa ubongo huvimba, au damu huvuja na kujikusanya. Shinikizo likizidi, damu safi haiingii tena kwenye ubongo ipasavyo, na mgonjwa anaweza kufa au kubaki na ulemavu.

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anapoona dawa hazitoshi, anaweza kuondoa bamba la mfupa ili ubongo upate nafasi ya kuvimba bila kujibana. Kwa mtu mzima pengo hilo huwa kubwa; vipimo vinavyopendekezwa mara nyingi ni takribani sentimita 12 kwa 15. Mapengo mengine hutokana na mfupa uliovunjika vipande vipande, mfupa ulioingiwa na usaha, au uvimbe uliolazimu kuondolewa pamoja na mfupa uliougusa.

Mfano wa utosi

Ili kuelewa kichwa chenye pengo, inafaa kukumbuka utosi wa mtoto mchanga. Kila mama na kila muuguzi anaujua: hudundadunda kwa mapigo ya moyo, hutuna mtoto anapolia, na hubonyea anapopungukiwa maji. Pengo la fuvu la mtu mzima hutenda vivyo hivyo. Hutuna anapokohoa au kulala, na hubonyea anaposimama. Kudunda huko si ishara ya ubongo kutaka kutoka nje, kama wengine wanavyohofu. Ngozi na utando mgumu wa ubongo bado vinaufunika.

Hata hivyo, utosi umeumbwa ufunge wenyewe, ilhali pengo kubwa la mtu mzima halizibi. Nalo huleta madhara ya aina tatu.

La kwanza ni hatari ya kuumia. Kona ya kitanda, mpini wa jembe au tawi linaloanguka linaweza kugonga ubongo moja kwa moja.

La pili ni dhara la kazi ya ubongo. Hewa ya nje huielemea ngozi iliyolegea, na mzunguko wa damu na wa maji ya ubongo huvurugika upande huo. Mgonjwa hulalamika kichwa kuuma na kizunguzungu, hasa anaposimama. Wengine huwa wazito wa kufikiri, hukasirika upesi, au mkono na mguu uliokuwa umeanza kupata nguvu hulegea tena. Hali hii imeelezwa katika maandiko ya kitabibu tangu mwaka 1939. Jambo la kutia moyo ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa dalili hizo hupungua pengo linapozibwa. Kwa hiyo upasuaji huu si wa urembo peke yake.

La tatu ni fedheha. Mtu hujifunika kilemba wakati wote, huacha kwenda ibadani na mnadani, na hutazamwa kama mgonjwa hata anapoweza kufanya kazi. Kurejesha umbo la kichwa ni kumrudisha mtu miongoni mwa wenzake.

Kufungua kulitangulia kuziba

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, mganga aliyeitwa omobari alifungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa kwa mgonjwa aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, hasa baada ya kupigwa. Madaktari walioandika juu ya tiba hiyo katika karne ya 20 walikuta watu walioishi miaka mingi baada yake. Ngozi ilirudishwa juu ya pengo, lakini mfupa haukurudi.

Kuziba pengo kulichukua muda zaidi kueleweka. Maandishi ya daktari Mholanzi, Job van Meekeren, yaliyochapishwa mwaka 1668, yana habari za Mrusi mmoja aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeraha mengi ya kichwa yaliwasukuma madaktari kutumia akriliki na metali. Vifaa vya leo vimetokana na njia hiyo ndefu.

Pengo huzibwa kwa nini

Kizibo kinachopendelewa kwa kawaida ni mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Una umbo lake, haununuliwi, na mwili haukukataa tangu mwanzo. Tatizo ni mahali pa kuuhifadhi. Hospitali zenye friji maalumu huugandisha kwa baridi kali sana. Pasipo friji ya kuaminika, daktari anaweza kuuhifadhi chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa, hadi siku ya kuurudisha. Njia hii haitegemei umeme, na imetumika sana katika nchi zenye uwezo mdogo. Udhaifu wa mfupa wa asili ni kwamba wakati mwingine huliwa na mwili polepole na kulegea, hasa kwa watoto.

Mfupa ukiwa umepotea, umepondeka au umeingiwa na vijidudu, hutumika kizibo cha kutengenezwa. Akriliki, ambayo wengi huiita saruji ya mifupa, ni nafuu. Huchanganywa chumbani mwa upasuaji, hufinyangwa kulingana na pengo, kisha hukauka ikiwa ngumu. Wavu wa titaniamu ni mwepesi na imara, lakini ghali zaidi. Vipo pia vizibo vinavyoundwa kwa kompyuta kutokana na picha za CT, vikaja vikiwa na umbo kamili la kichwa cha mgonjwa. Kwa mtoto uamuzi huhitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu fuvu lake linakua na bamba la kutengenezwa halikui.

Hakuna kizibo kilicho bora kwa kila mtu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza ni kipi kitatumika, kwa nini, na kwa gharama gani.

Siku ya upasuaji na baada yake

Upasuaji hufanywa uvimbe ukiwa umekwisha na kidonda kimepona vizuri. Kwa wagonjwa wengi ni kati ya miezi 3 na 6 baada ya upasuaji wa kwanza. Kukiwa na usaha au maambukizi, husubiriwa zaidi, mara nyingi nusu mwaka au zaidi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kovu la zamani hufunguliwa, ngozi hutenganishwa taratibu na utando wa ubongo, na kizibo hufungwa kwa skrubu na vibamba vidogo au kwa nyuzi imara.

Ubongo wenyewe kwa kawaida haukatwi. Lakini asidanganywe mtu kwamba upasuaji huu hauna hatari. Maambukizi yanaweza kulazimu kizibo kiondolewe. Damu inaweza kujikusanya chini yake. Degedege linaweza kutokea, hata kwa mtu ambaye hakuwa nalo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hubaki wodini siku kadhaa, na dawa za degedege alizoandikiwa haziachwi ghafla kwa kuwa tu anajisikia vizuri.

Kwa mhudumu wa zahanati

Mgonjwa wa pengo la fuvu hukaa miezi mingi kijijini na siku chache tu hospitali kubwa. Anayemwona mara kwa mara ni mganga wa zahanati, muuguzi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Swali moja tu linaweza kubadili mkondo wa maisha yake: "Mama, kijana huyu aliambiwa arudi lini, na mfupa wake uliwekwa wapi?"

Jibu la sehemu ya pili lina uzito. Mgonjwa mwenye kovu tumboni na kitu kigumu bapa chini yake huenda amebeba mfupa wake mwenyewe. Asipasuliwe kwa kudhaniwa ana jipu. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali isomwe kwanza.

Zipo dalili zinazodai rufaa ya haraka: homa, usaha au maji yanayotoka kwenye kovu, pengo lililotuna na kukaza lisilolegea hata mgonjwa akiinuka, kutapika kunakoambatana na maumivu makali ya kichwa, degedege, usingizi usio wa kawaida, au udhaifu mpya wa upande mmoja wa mwili.

Iko hali moja inayoweza kumpotosha hata mtaalamu. Mgonjwa ambaye pengo lake limedidimia sana, naye anazidi kupoteza fahamu, huenda tatizo lake si shinikizo kubwa ndani ya kichwa bali upungufu wake. Huyo alazwe chali bila kuinuliwa kichwa, apewe maji ya mishipa inavyostahili, na awahishwe kwa bingwa. Kumpa dawa ya kupunguza maji ya ubongo au kumchoma sindano ya uti wa mgongo kabla ya ushauri wa bingwa kunaweza kumwangamiza.

Nyumbani, mgonjwa avae kofia ngumu au kinga nyingine imara anapotembea, asilalie upande wa pengo, asipande miti kurina asali, na asiendeshe bodaboda. Kilemba huficha pengo, hakilikingi.

Umbali na gharama

Kutoka Singida hadi Dodoma, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni takribani kilomita 240. Hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni karibu kilomita 700. Kwa familia inayotegemea alizeti, mtama na asali, safari hiyo pamoja na gharama ya matibabu ni mzigo mzito, na kuahirisha hadi msimu ujao huonekana kuwa busara. Msimu huo hupita, na mwingine pia.

Njia ya kupunguza mzigo ni kuanza mapema. Tarehe ya kurudi iandikwe na kueleweka kabla mgonjwa hajatoka wodini. Familia iulize kuhusu bima ya afya, na isiyo na uwezo ionane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasaidia wasiomudu gharama. Zahanati iliyo karibu ipewe nakala ya taarifa, ili karatasi ikipotea au ikiloa mvua, habari isipotee nayo.

Kichwa kilichofunguliwa ili kuokoa uhai kina haki ya kufungwa. Mgonjwa aliyefika siku yake akiwa na kidonda kikavu, dawa zake mkononi na taarifa zake kamili, amemrahisishia daktari sehemu kubwa ya kazi; na sehemu hiyo hufanyika kijijini, miezi kadhaa kabla ya safari kuanza.