Je, Wajua? Kifuko cha Chai Hakiozi Chote

Majani yaliyochumwa Kericho au Bomet huoza shambani bila shida. Kinachogoma ni kile kinachoshikilia kingo za kifuko. Vifuko vingi vya chai havipakwi gundi: karatasi yake huchanganywa na nyuzi za plastiki aina ya polipropilini, mashine hubana kingo kwa joto, na plastiki huyeyuka ikashikana. Maji ya moto hayaiachishi, kwani huyeyuka kwenye sentigredi 160 hivi. Fukua shimo la mboji baada ya muda: karatasi imeoza, umebaki utando mwembamba kama wa buibui.

Vingine hufungwa kwa PLA, plastiki ya mimea. Jina lisikuhadae, ili ioze vizuri huhitaji joto la karibu sentigredi 60, la mitambo ya mboji, si la shimo la nyuma ya jikoni. Afadhali kifuko cha kukunjwa na kubanwa kwa pini, ambacho Mjerumani Adolf Rambold alikiundia mashine mwishoni mwa miaka ya 1940.

Ukiona kingo bapa zilizobanwa, pasua kifuko, mwaga majani shambani, ganda litupe kando.