Ndagala wa Rumonge hana mpaka

Mashua za taa zinaporudi Rumonge, Burundi, alfajiri, wanawake wanunuzi huzipokea wakiwa wamesimama majini hadi magotini, beseni mkononi, na bei huanza kubishaniwa kabla chombo hakijagusa mchanga. Ndagala akishashushwa hapo huwa ni wa Rumonge, huanikwa kichanjani na kwenda sokoni kwa jina hilo. Lakini amezaliwa wapi?

Mwaka 2019 watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha jibu. Walichukua ndagala aina ya Stolothrissa tanganicae kutoka kaskazini, katikati na kusini mwa Ziwa Tanganyika, wakalinganisha vinasaba vyao. Hawakuona koo zilizotengana. Katika ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi, samaki huyu mdogo ni jamii moja inayochanganyika na kuzaliana. Anayevuliwa Rumonge leo ni ndugu wa anayevuliwa Kigoma, Kalemie na Mpulungu.

Sijui ugunduzi mwingine wa miaka ya karibuni katika maji haya unaowagusa watu wa Rumonge kuliko huo, ingawa ulimwenguni ziwa letu husifika kwa mengine. Timu ya Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, ilionyesha mwishoni mwa 2020 kwamba takriban aina 240 za samaki wa jamii ya sikildi zilichipuka humu humu ziwani katika muda usiofika miaka milioni 10. Mmoja wao anastahili kutazamwa kwa karibu. Perissodus microlepis hula magamba ya samaki wenzake. Humnyemelea mwenzake kwa nyuma, akamrukia ubavuni na kumbandua magamba. Wapo ambao mdomo wao umepinda kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto. Wengine umepinda kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori alieleza mwaka 1993 kwa nini makundi hayo mawili hukaribiana kwa idadi: wakizidi wa upande mmoja, mawindo huulinda zaidi ubavu unaoshambuliwa mara nyingi, na wale wachache wa upande wa pili hushiba na kuongezeka. Mizani hurudi yenyewe.

Ndagala hana mizani ya namna hiyo dhidi ya joto.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini upande wetu wa kaskazini hewa ya oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi, ila ndiko virutubisho vinakolala. Upepo wa kusi, unaovuma kati ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu na kuyafanya ya chini yapande, hasa kule kusini mwa ziwa, na virutubisho hivyo huotesha mimea midogo inayoliwa na wadudu wadogo, nao wakaliwa na ndagala, ndagala akaliwa na samaki aitwaye mukeke. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi kama mawese juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kuyakoroga.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo midogo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa karibu asilimia 30 wa samaki. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walisoma matope ya sakafu ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki tabaka kwa tabaka. Kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Mvuvi anayelaumiwa kila siku ana haki ya kuyajua hayo. Makokoro yanayovutwa ufukweni yanazoa ndagala wachanga, na hilo ni kosa lisilofichika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya deni la upungufu huu imetoka kwenye moshi wa nchi za mbali, unaoleta joto hilo.

Kwa kuwa joto haliko mikononi mwa Rumonge, kinachobaki ni uvuvi wenyewe, na hapo ndipo vinasaba vya 2019 vinapokuwa na uzito. Burundi inamiliki asilimia 8 tu ya ziwa. Kongo ina 45, Tanzania 41 na Zambia 6. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ndagala huishi mwaka mmoja au kuzidi kidogo, kwa hiyo miezi mitatu ya kupumzishwa kwake ni muda mrefu, mradi asiwe anapumzishwa pwani moja na kuvuliwa nyingine. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa 2003 wa nchi hizo nne, ina makao yake Bujumbura, safari ya asubuhi moja kutoka Rumonge.

Maafisa wake waje mwaloni na matokeo haya, wayaeleze kwa Kirundi na Kiswahili, na waje pia na mpango wa chakula na mikopo kwa wanunuzi wa beseni. Mwanamke anayenunua ndagala alfajiri na kuuza jioni hana akiba ya kumvusha Mei hadi Agosti, ziwa likifungwa na upande wa Rumonge. Asipofikiriwa, usiku atamsubiri atakayevua kwa siri, na ziwa halitakuwa limefungwa.