MTOTO ALIYEUMIA KICHWA ASICHELEWESHWE

Mingoyo ni njia panda. Hapo ndipo barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kilwa na Lindi inapokutana na zile za Mtwara na Masasi. Magari na pikipiki hupita usiku na mchana, na watoto huvuka. Msimu wa embe nao huleta majeruhi wake, wanaoanguka mitini. Suala la mtoto aliyeumia kichwa, basi, si la wakazi wa miji mikubwa peke yao. Ni letu, na ni la ndugu zetu wa Songosongo na Kilwa Kisiwani, ambao hawana budi kuvuka bahari kwanza.

Kipimo cha CT-Scan kilitumika kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini London, tarehe 1 Oktoba, 1971. Mashine hupitisha miale ya eksirei kuzunguka kichwa, na kompyuta hutengeneza picha ya ndani, tabaka kwa tabaka. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika. Kipimo hiki huonyesha pia damu iliyovujia ndani ya fuvu. Tofauti hiyo ni kubwa. Mtoto aweza kuzimia, akaamka na kuomba uji, kumbe damu inazidi kukusanyika na kuubana ubongo.

Serikali inastahili pongezi kwa kutumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 kununulia mashine hizi kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mei, 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara huko Kilwa, kila mtu aliona hatari ya kutegemea Dar es Salaam kwa kila jambo.

Hata hivyo, si kila nundu inahitaji mashine. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2009 uliwahusu watoto 42,412 walioumia kichwa. Waliokuwa na madhara makubwa ya ubongo hawakufika mmoja katika kila mia. Tena miale hiyo huongeza, ingawa kwa kiasi kidogo, hatari ya saratani baadaye, na mtoto ana miaka mingi mbele yake.

Kinachotangulia ni dalili. Mtoto anayesinzia isivyo kawaida, asiyeelewa anachoambiwa, au mwenye alama za kuvunjika fuvu, apelekwe kupimwa bila kungoja. Aliyezimia, aliyetapika, anayelalamika kichwa kinamuuma sana, au aliyeanguka kutoka juu, awe chini ya macho ya mganga kwa saa kadhaa. Hali ikibadilika, safari ianze. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, nundu ya kisogoni au ya upande wa kichwa isidharauliwe. Asiye na dalili hata moja arudi nyumbani na mzazi aliyeelezwa vyema la kuangalia.

Kwa hiyo tunasema haya kwa wahusika. Kila zahanati, ya bara na ya visiwani, iwe na orodha ya dalili hizo ukutani. Boti ya wagonjwa iwe na mafuta na nahodha, hata usiku. Mashine iwe na umeme wa akiba na mtaalamu wa zamu. Picha zaweza kutumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa aliye mbali akazisoma. Malipo yasitangulie tiba: msamaha wa kisera huwahusu walio chini ya miaka 5, lakini wapanda miembe wana miaka 8 na 10. Na kwa kuwa picha haiondoi damu, mpango wa kumfikisha mtoto kwa daktari wa upasuaji uwe tayari kabla ya ajali.

Wazazi nao wasimchue mtoto kichwa wala kumlaza kwa matumaini kwamba kutakucha salama. Kichwa cha mtoto wa Songosongo si kigumu kuliko cha mtoto wa Dar es Salaam.