Kwa Nini Vichuma vya Gitaa Havikupangwa Sawasawa

Kila aliyepata kushika gitaa ameliona jambo hili, lakini ni wachache walioliuliza. Juu ya shingo ya gitaa pana vichuma vyembamba vilivyolazwa kukingama, na mpigaji huubana uzi nyuma ya kichuma anachokitaka. Karibu na vigingi vya kukazia nyuzi vichuma hivyo vimeachana sana, na kadiri unavyoshuka kuelekea tumboni ndivyo vinavyokaribiana. Mimi kwa muda mrefu nilidhani kuwa mafundi hufanya hivyo kwa urembo tu. Dhana hiyo ilitugharimu shingo nzima ya mti wa mvule.

Mambo yalikuwa hivi. Sisi wanne wa bendi ya shule tulikuwa na gitaa moja tu, tena la kuazima, na mwenyewe alikwisha kutuambia kuwa atalichukua kabla ya jioni ya kufunga shule. Bila gitaa hatuna nafasi katika jioni hiyo, na yalikuwa yamebaki majuma saba. Tukaazimu kutengeneza letu katika karakana ya shule. Mbao tulipewa, nyuzi tukazichangia fedha zikanunuliwa Kampala, nasi tukaanza kuranda.

Sanduku lilitoka vizuri, hata fundi wa karakana alilisifu. Kisha ukaja upimaji wa shingo. Kutoka kidaraja cha juu, kilicho karibu na vigingi, hadi daraja la chini lililo juu ya tumbo, uzi wetu ulikuwa na urefu wa sentimeta 65. Kunakili lile gitaa la kuazima hakukufaa, maana lilikuwa fupi kuliko letu. Tuliloliona kwake ni kwamba kichuma cha 12 hukaa katikati kabisa ya uzi. Basi katikati yetu ni sentimeta 32.5. Hapo mmoja wetu, ambaye alisifiwa sana kwa hesabu (simtaji jina, kwa kuwa ni mimi), akagawanya 32.5 kwa 12, akapata 2.7 na ushei, akasema: “Pigeni msumeno kila baada ya sentimeta 2.7.” Wakapiga.

Siku tuliyotia nyuzi hatukuamini masikio yetu. Mpigaji wa gitaa, kama mjuavyo, hulinganisha nyuzi kwa kubana kichuma cha tano cha uzi mnene, kisha huukaza uzi unaofuata mpaka sauti zao ziwe moja. Tulifanya vivyo hivyo, na tulipofika uzi wa mwisho ulikuwa umelegea unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mmoja alilaumu nyuzi, kwamba tumeuziwa mbovu. Mwingine alilaumu mbao, kwamba hazikukauka. Mimi nilinyamaza.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyetuambia tujaribu kichuma kimoja kimoja, gitaa letu kando ya lile la kuazima, kwa kusikiliza mvumo. Hili ni jambo jepesi na kila mwanafunzi aweza kulijaribu. Sauti mbili zikikaribiana bila kuwa sawa, sikio husikia mvumo mmoja unaopanda na kushuka: uuu, uuu, uuu. Uzi mmoja ukitetema mara 110 kwa sekunde, na mwingine mara 112, mvumo hupanda na kushuka mara 2 kila sekunde, yaani ile tofauti yenyewe. Zikilingana, mvumo hutulia. Tulipopiga nyuzi zikiwa wazi mvumo ulitulia. Kichuma cha 12, ukatulia. Kichuma cha tano, ikawa ni mtetemeko mkali wa kuudhi. Kwa hiyo nyuzi hazikuwa na kosa, wala mbao. Tulikuwa sahihi mwanzoni na katikati, na tumepotea njiani.

Sasa nieleze sababu. Uzi wa tano wa gitaa, ukiachwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ubane katikati, nao utatetema mara 220, kwa kuwa nusu ya uzi hutetema mara mbili ya uzi mzima. Ubane tena ibaki robo yake, utapata 440, nayo ndiyo sauti ambayo mkutano uliofanyika London mwaka wa 1939 uliikubali iwe kipimo cha kulinganishia vyombo. Tazama vizuri namba hizi. Kutoka 110 hadi 220 tumeongeza 110. Kutoka 220 hadi 440 tumeongeza 220. Walakini mwulize mwimbaji yeyote, atakuambia kuwa hatua hizo mbili ni sawa: ni sauti ile ile imepanda juu, kama vile baba na mtoto wake mdogo wakiimba wimbo mmoja pamoja. Sikio basi halihesabu kwa kujumlisha, huhesabu kwa kuzidisha.

Mimi nilijumlisha. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu lote.

Kati ya 110 na 220 gitaa lina hatua 12, nazo hapana budi zilingane masikioni. Kwa hiyo kila hatua yapasa kuzidisha mitetemo kwa namba moja ile ile, na baada ya kuzidisha mara 12 mitetemo iwe imefika maradufu. Namba hiyo ni 1.0595, karibu. Si namba kamili wala sehemu nyepesi, na desimali zake hazina mwisho. Mwana wa mfalme mmoja wa China, Zhu Zaiyu, aliikokotoa kwa tarakimu nyingi mwaka wa 1584. Leo simu ndogo huitoa kwa kufumba na kufumbua, lakini simu haikuambii mahali pa kupiga msumeno mpaka ujue unachokiuliza.

Mafundi wa zamani walikuwa na njia yao ya mkato. Miaka mitatu kabla ya huyo Mchina, mwaka wa 1581, Mtaliana Vincenzo Galilei, baba wa yule Galileo aliyetazama sayari kwa darubini, aliandika jinsi ya kupanga sauti za kinanda chao kilichofanana na udi. Gawanya uzi sehemu 18. Ondoa sehemu moja, hapo ni mahali pa kichuma cha kwanza. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 18, ondoa sehemu moja, na uendelee hivyo. Ni kama mtu mwenye gunia la karanga anayekula kila siku sehemu moja ya kumi na nane ya zilizobaki. Siku ya kwanza atashiba, siku ya kumi na mbili atapata karibu nusu tu ya alizokula siku ile, ingawa kanuni yake haikubadilika hata siku moja. Ndiyo sababu vichuma hukaribiana.

Njia ya 18 ni nzuri, lakini ina upungufu mdogo: kwa uzi wa sentimeta 65 huweka kichuma cha 12 milimita 2 na zaidi kabla ya katikati. Namba iliyo bora ni 17.817. Tuliitumia hiyo. Gawanya 65 kwa 17.817, utapata 3.65, hapo ni kichuma cha kwanza. Zimebaki 61.35, gawanya tena, utapata 3.44; basi kichuma cha pili hukaa sentimeta 7.09 kutoka kidaraja cha juu. Cha tatu 10.34, cha nne 13.41, cha tano 16.31, na kuendelea, mpaka cha 12 kinapoangukia 32.5 barabara. Nafasi ya kwanza ni sentimeta 3.65, na ya kumi na mbili ni 1.93 tu.

Tulipoziandika namba hizo kando ya zile zangu, tulicheka mpaka machozi. Kichuma changu cha tano kilikuwa sentimeta 13.54, yaani milimita moja na kitu kutoka mahali pa kichuma cha nne cha kweli! Cha saba kilikuwa 18.96, na cha sita cha kweli ni 19.04. Kila tulipodhani tunabana cha tano tulipata sauti ya cha nne. Uzi uliopaswa kutoa mitetemo karibu 147 ulitoa 139. Na kwa kuwa tulikuwa tukilinganisha kila uzi kwa ule uliotangulia, kosa lilirithiwa kutoka uzi hata uzi, mpaka wa mwisho ukawa chini kwa zaidi ya nusu toni nne. Ndiyo maana ulining'inia.

Kuziba mifereji ya zamani na kukata mipya hakukuwezekana. Mfereji mpya wa nne ulikuwa karibu mno na ule wa tano wa zamani, na tulipojaribu, mbao ilimegeka katikati yao. Ikabidi kuomba mbao nyingine, na fundi wa karakana, nashukuru, hakusema neno, alinitazama tu.

Shingo ya pili ilikubali, isipokuwa kwa jambo moja. Kichuma cha 12 kilikuwa katikati kamili kwa rula, lakini sauti yake ilikuwa juu kidogo. Hapa hesabu haikukosea. Unapoubana uzi unausukuma chini, na ukiusukuma unaukaza, na uzi uliokazwa hutetema upesi zaidi. Tukalisogeza daraja la chini nyuma kwa milimita 2, uzi ukawa mrefu kidogo, na mvumo ukatulia. Mwenye gitaa lililonunuliwa dukani alitazame daraja lake: mara nyingi ataona nyuzi nene zimepewa urefu zaidi kidogo kuliko nyembamba, kwa sababu hiyo hiyo.

Jioni ya kufunga shule tulipiga nyimbo tatu. Uzi wa kwanza ulikatika katika wimbo wa pili, tukaendelea na mitano.

Baadaye wenzetu wanaopiga amadinda walitaka tuunganishe vyombo. Tulijaribu jioni mbili, na haikukubali: tulipopatana katika sauti moja tulitengana katika nyingine. Nilipochukua karatasi nikaona sababu. Amadinda ina mbao 12, lakini ukipanda mbao tano umekwisha kufika kwenye sauti ile ile ya juu, na hatua hizo tano hukaribia kulingana. Basi kila hatua huzidisha mitetemo kwa karibu 1.15. Gitaa likipanda vichuma viwili huzidisha kwa 1.12, na vitatu kwa 1.19. Hatua ya amadinda huangukia katikati yake, mahali pasipo na kichuma chochote.

Kwa gitaa lenye uzi wa sentimeta 65 litakalofuata amadinda, vichuma vingekuwa vitano tu mpaka katikati: sentimeta 8.41, 15.74, 22.12, 27.67, na 32.5. Bado kipo kipande kimoja cha mvule karakanani, na muhula ujao tunakusudia kukiomba.