Bidhaa ina cheti cha kuvukia, mwalimu wa wasioona bado

RUSIZI. Mama anayevusha ndoo ya sambaza au gunia la viazi kati ya Kamembe na Bukavu anajua umuhimu wa karatasi. Katika utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Mwalimu aliyesomea kufundisha watoto wasioona hana cheti cha namna hiyo.

Jambo hili linawagusa wazazi wengi wanaoishi kwa biashara ya mpaka. Familia ya Rusizi yenye mtoto asiyeona, ikitafuta shule maalumu ndani ya Rwanda, humpeleka mbali. Ipo ya Kibeho, wilayani Nyaruguru, iliyofunguliwa mwaka 2008 na masista Wafransisko kutoka Poland. Kufika huko ni kupita msitu wa Nyungwe. Nyingine ni ya Gatagara iliyoko Rwamagana, upande wa pili wa nchi. Sera ya elimu jumuishi ya mwaka 2018 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya jirani. Lakini shule ya jirani bila mwalimu anayejua nukta nundu humpa mtoto kiti tu, si masomo.

Ujuzi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili. Mwalimu hujifunza kusoma na kuandika nukta nundu, kutumia mashine ya Perkins, kufundisha hesabu kwa abakasi, na kumzoesha mtoto kutembea kwa fimbo nyeupe. Vilevile hujifunza kumtofautisha asiyeona kabisa na mwenye uoni hafifu, ambaye huenda anahitaji maandishi makubwa tu.

Vyuo vipo katika kanda. Kenya ina Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, tangu 1986. Tanzania ina Chuo cha Patandi, Arusha. Uganda ina Chuo Kikuu cha Kyambogo, na Rwanda ina Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda. Hapa Rusizi kipo chuo cha ualimu cha Mururu, kinachoandaa walimu wa msingi.

Ugumu huanza baada ya mahafali. Kenya hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Tanzania ilitunga sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018. Kila nchi ina mlango wake. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya wenzao. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walitangulia kupata makubaliano. Walimu hawakuwamo.

Hata makubaliano yakisainiwa leo, yako mambo ambayo saini peke yake haitayamaliza. Bukavu husoma kwa Kifaransa. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Nukta nundu ni sita tu, lakini lugha huzipa maana tofauti. Zote sita zikijazwa, kwa Kifaransa ni herufi é. Kwa Kiingereza cha mkato ni neno zima, «for». Mwalimu aliyefunzwa ng'ambo moja ya mto Rusizi anahitaji mafunzo ya nyongeza kabla ya kushika darasa ng'ambo ya pili. Ndiyo maana leseni ya kanda inapaswa kutaja lugha ambayo mwalimu amehitimu kufundishia nukta nundu.

Kwa sasa, mzazi anayetafuta shule, ya upande wowote, aulize maswali manne. Mwalimu amesomea wapi? Anasoma nukta nundu za lugha gani? Mashine na karatasi nzito zipo? Nani atamfundisha mtoto kutembea peke yake?

Vyama vya wafanyabiashara wadogo vimezoea kudai mpaka ufunguliwe mapema na ushuru upungue. Madai ya mwalimu mwenye leseni inayotambulika pande zote yanastahili kuwekwa kwenye barua hiyohiyo. Mtoto anayejua kusoma na kuhesabu ataweza siku moja kushika daftari la duka la mama yake.