Mtafiti Mgeni na Bima Yake: Nani Hulipa Akiugua Ng'ambo?

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba mtoto wa mkata mkonge au wa mchuma chai amekwenda Ulaya au Marekani kufanya utafiti. Wazazi hufurahi, majirani huchanga nauli, na wenzake baba kiwandani humpa mkono wa pongezi. Lakini liko swali ambalo wachache huliuliza kabla ya safari: akivunjika mguu kule, nani atalipa? Mara nyingi jibu huja baadaye, pale karatasi ya mchango inapopitishwa getini siku ya mshahara, ili maiti irudishwe nyumbani au deni la hospitali lilipwe. Kwa hiyo jambo hili si la wasomi peke yao, ndugu wafanyakazi. Linafika mpaka kwenye bahasha ya kibarua.

Tuchukue mfano wa Ujerumani, kwa kuwa ndiyo nchi iliyotangulia kuweka bima ya wafanyakazi kwa sheria ya taifa zima. Mwaka 1883, wakati wa Chansela Bismarck, ilipitishwa sheria ya bima ya ugonjwa. Mwaka 1884 ikafuata ya ajali kazini, na mwaka 1889 ya uzee na ulemavu. Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Mwaka 1878 alikuwa amepiga marufuku jumuiya na magazeti ya wasoshalisti, na kwa bima alitaka kuwavuta wafanyakazi upande wa serikali. Yeye alikwisha kwenda zake, bima ikabaki.

Leo mwenye mkataba wa kazi nchini humo, awe fundi wa mashine au mtafiti wa chuo kikuu, kwa kawaida huingizwa katika mfuko wa bima ya ugonjwa tangu siku ya kwanza. Ada hugawanywa nusu kwa nusu kati yake na mwajiri. Ada ya bima ya ajali kazini hulipwa na mwajiri peke yake. Katika mifuko hiyo ya umma, mume au mke asiye na kipato, pamoja na watoto, huandikishwa bila kuongezewa ada. Tena mfanyakazi akiugua, mwajiri humlipa mshahara kamili mpaka wiki 6. Haki hii ya mwisho haikudondoka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika jimbo la Schleswig-Holstein waligoma kwa wiki 16, kuanzia Oktoba 1956 hadi Februari 1957, ili kibarua wa kiwandani naye alipwe akiwa mgonjwa kama karani wa ofisini. Usawa kamili ulipatikana kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 1970.

Sasa mtego uko wapi? Wageni wengi hawaendi na mkataba wa kazi. Huenda na posho ya ufadhili. Watu wawili wanaweza kukaa katika maabara moja, wakitumia darubini moja na kumsikiliza profesa mmoja, kumbe mmoja ni mwajiriwa na mwingine ni mgeni tu mwenye posho. Huyu wa pili, mbele ya sheria, hana mwajiri. Hakuna wa kumlipia nusu ya ada, hana zile wiki 6, na kwa kawaida bima ya ajali kazini haimhusu, hata dawa za maabara zikimwunguza. Wanachama wetu wanaielewa habari hii bila mwalimu: ni ile ile ya kibarua wa kutwa anayefanya kazi sawa na mwenye ajira ya kudumu, lakini jina lake halimo katika daftari.

Na bado sheria inamdai. Tangu mwaka 2009 kila mkazi wa Ujerumani ni lazima awe na bima ya ugonjwa. Mwenye posho mara nyingi hujikuta kwenye mlango wa kampuni binafsi, ambayo kwanza itamwuliza umri wake na maradhi aliyowahi kuugua. Wako wafadhili wanaowakatia wageni wao bima wenyewe, na wako wanaowaachia wajitafutie. Barua ya ufadhili ndiyo inayosema, nayo isomwe mpaka ukurasa wa mwisho.

Wengi hudanganyika na ile bima ya viza. Kwa safari fupi ya nchi za Schengen, isiyozidi siku 90, msafiri hutakiwa kuwa na bima ya angalau euro 30,000. Hiyo ni ya dharura na ya kumrudisha nyumbani mgonjwa au maiti. Si ya mtu atakayekaa mwaka mzima. Mara nyingi bima za safari hazilipii ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya kuondoka, na ujauzito nao huwekewa masharti. Mwenye sukari au pumu asiridhike na karatasi hiyo.

Wajerumani wana bima nyingine ambayo kwetu ni ngeni, ya kumlipa mtu uliyemdhuru. Sheria yao ya madai, inayotumika tangu 1900, inasema anayemdhuru mwenzake kwa uzembe sharti alipe hasara, wala haikuweka kikomo kwa mtu wa kawaida. Ukimgonga mzee kwa baiskeli, unaweza kudaiwa miaka mingi. Bima hii si ya lazima, ila sisi tungeikata kabla ya kununua koti la baridi.

Marekani wameandika kiasi chenyewe. Mgeni wa mabadilishano mwenye viza ya J-1, tangu Mei 2015, lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa, na dola 25,000 za kurudisha maiti. Fedha anayotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa isizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa. Mke na watoto wanaofuatana naye nao wakatiwe. Akikataa kwa makusudi, programu yake husimamishwa.

Kuna upande wa pili, nao unatugusa zaidi. Watafiti wa kigeni nao huja kwetu, mashambani na viwandani, na bima nzuri kutoka makwao. Huajiri dereva, mkalimani, na vijana wa kuchimba udongo au kuhesabu miche. Gari likipinduka, mgeni huitiwa ndege, dereva je? Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayomtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima ya majeraha ya kazini. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango wake hutolewa na mwajiri tu, bila kukatwa mshahara wa mfanyakazi. Anayeitwa kwenda kumsaidia mtafiti aulize, kabla ya kupanda gari, ni nani aliyemwajiri, mgeni mwenyewe au taasisi iliyompokea, na jina lake limeandikwa wapi. Apewe karatasi yenye sahihi, na nakala moja aiache kwa katibu wa tawi.