Redio Iliyookolewa na Wasikilizaji Wake

Jioni tunapochambua karafuu redio huwa kando yetu, na likija neno la kufungwa kituo wengi husema, "Ni amri ya wakubwa." Sivyo daima.

Machi 2010 wakuu wa BBC huko Uingereza walitaka kufunga kituo chao cha muziki, 6 Music, kilichoanza 2002. Wasikilizaji hawakungoja mlango ukomewe. Neno la mwisho lilikuwa la baraza la wadhamini, nalo lilikuwa likipokea maoni. Basi huko ndiko walikopeleka maoni yao, maelfu kwa maelfu. Tena wasikilizaji, waliokuwa kama 700,000 kwa juma, wakapita milioni moja: wengi hawakujua kituo kipo mpaka waliposikia kitafungwa! Julai baraza likakataa kukifunga, na hata leo kingali kikitangaza.

Redio ya Kiarabu ya BBC, ambayo wazee wetu waliisikia tangu 1938, haikupata bahati hiyo. Ilinyamazishwa Januari 2023. Sisi tuliisikitikia sana barazani, lakini barua hatukuandika hata moja.